Maganda Tisa na Mkia Mmoja

Jumatatu, 3 Juni 1957. Baraka.

Félicité amelala mgongoni mwangu. Marie anamenya karanga, moja kwenye kikapu, mbili mdomoni. Nina nafasi ya kuandika.

Hii ni wiki ya nne Bonaventure yuko hospitali, huko Fizi, na kifua chake. Mume aliyekuwa anakimbiza nguruwe-pori mpaka mlimani, leo anapumzika kati ya neno na neno.

Bunduki yake iko darini, imefungwa ndani ya mkeka. Si yake hasa. Ni ya Serikali, bunduki ya zamani ya askari, mlango wake unafunguka nyuma kama kifuniko cha sanduku. Alipewa alinde mashamba ya pamba na muhogo. Sharti ni moja: mikia mitatu ya nguruwe-pori kila mwezi, mbele ya kapita, msimamizi wa mashamba. Bunduki isiyoleta mikia inahamia nyumba nyingine.

Asubuhi kapita alifika. Alikohoa kwanza mlangoni, kwa heshima. Akasema anamhurumia sana Baba Marie, lakini mwezi wa tano haukuleta hata unyoya wa nguruwe. Ananipa mpaka Jumamosi ya tarehe 15. Baada ya hapo bunduki inaenda kwa Alphonse.

Alphonse! Jirani wa ukuta kwa ukuta! Mkewe Adolphine ameshapigilia msumari wa kuitundika. Nimeusikia kwa masikio yangu, ko, ko, ko.

Haitoki. Nilipokwenda Fizi mara ya mwisho, Bonaventure hakuuliza mtoto ameota meno mangapi. Aliuliza kama bunduki yake iko. Nikasema iko. Uso wake ukafunguka. Mtu anayeuliza bunduki yake ni mtu anayekusudia kurudi. Ikibaki, atarudi. Ikitoka

Félicité ameamka.

Jumanne, 4 Juni

Nina mpango.

Fabien, mdogo wake Bonaventure, ni mvuvi huko Swima, lakini bunduki anaijua kidogo. Nimetuma habari kwa wamama wanaouza ndakala, dagaa wa ziwani. Shida ni kartushi. Mpya zinatoka kwa karatasi yenye sahihi ya Bonaventure mwenyewe. Kwa hiyo ni za zamani, zile anazojaza kwa mkono.

Kartushi ikishapigwa, linabaki ganda la shaba. Bonaventure halitupi. Anatia fataki kwenye kitako, baruti tumboni, risasi mdomoni, halafu anabana shingo kwa koleo. Ugonjwa uko kwenye shingo. Ikibanwa leo, ikatanuliwa na moto kesho, mara tano, mara sita, shaba inakakamaa na kupasuka kama kisigino wakati wa kiangazi. Dawa ni moto. Ukiipasha shingo inalainika, na ganda linapata maisha mengine. Yalikuwa ishirini. Yamebaki tisa, na yote tisa yamekakamaa.

Nimemwona akiifanya kazi hiyo miaka mitano. Kweli kila mara nilikuwa na mimba, au mtoto, au ndoo kichwani, na sikuona yote. Niliona mbabula, jiko lake la makaa. Niliona mrija wa tete wa kupulizia makaa. Niliona sahani ya maji, maganda yamesimama ndani mpaka kiunoni kama watu wanaobatizwa. Anakaa kivulini aione vizuri rangi ya shaba. Halafu, chwaa! Anayaangusha majini.

Sahani ni ya nini? Nimefikiri sana. Ni kwa ajili ya vidole vyake. Wanaume wanaogopa kuungua.

Na mambo ya kulainisha, nani atanifundisha? Muhogo wetu mchungu unalala majini siku tatu, siku nne. Ukilainika nje, moyo ukabaki mgumu, umewatilia watu sumu. Mama alinichapa kwa ajili ya moyo mmoja tu uliobaki mgumu. Kitu kikilainishwa, kilainishwe mpaka ndani. Bonaventure analainisha shingo peke yake. Ndiyo sababu yanapasuka! Mimi nitalainisha lote, toka mdomo mpaka kitako.

Miaka minne kwenye shule ya watawa, kwa Masera, sikukaa bure.

Jumatano, 5 Juni

Nimepika maganda tisa.

Niliyamwaga kwenye makaa kama mahindi mabichi. Nikapuliza mpaka nikaona nyota. Yakawa mekundu yote, mazuri kabisa, kama macho ya paka. Marie akaomba moja. Nikamwambia hii si chakula ya batoto. Akauliza basi ni chakula ya nani. Nikasema ni chakula ya baba, apate nguvu ya kurudi. Alikubali. Akakaa anayaangalia kwa adabu, mikono nyuma, kama kanisani.

Yamepoa sasa. Rangi ya njano imekwisha, yana madoa ya zambarau toka juu mpaka chini. Nimebana moja kwa meno: linabonyea! Kitako pia! Bonaventure hajawahi kufikia hapo.

Nimechoka. Nimefurahi. Mgongo unaniuma mahali mtoto anapokaa, hata akiwa hayuko.

Ijumaa, 7 Juni

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Fabien alifika jana, akajaza kartushi tatu kwanza. Aliligeuzageuza ganda moja akauliza mbona zambarau imeshuka mpaka kitakoni, kwa kaka yake hajaiona hivyo. Nikamwambia ndivyo kaka yako anavyofanya siku hizi. Nilisema hivyo bila kupepesa macho.

Alfajiri alikwenda kwenye muhogo. Nilikuwa nafagia uwanja. Bonaventure akipiga, ni tuu! na mlima unajibu. Leo ilikuwa pfaa, kama chungu cha maharage kikirusha kifuniko. Mlima ulinyamaza.

Fabien alirudi akipapasa njia kwa mkono mmoja, mwingine usoni. Nyusi za kulia hakuna. Jicho limefunga, shavu jeusi na malengelenge. Moto haukutoka mbele. Umerudi kwa mlango wa nyuma. Kitako cha ganda kimechanika.

Akasema, Shemeji, iko giza, ama ni mi?

Nikamlaza. Nikaosha. Dawa ya jicho niliyonayo ni moja, ile ya kila mama mwenye mtoto mchanga. Nikageukia ukuta, nikakamua maziwa kwenye kijiko, nikamtilia jichoni tone kwa tone, mimi nikitazama paa na yeye akitazama kwa jicho zima mlango. Aibu ya mtu na shemeji yake! Félicité aliona chakula chake kinakwenda kwa baba mdogo, akalia mpaka majirani wakatoka.

Fabien akauliza bunduki ina nini. Nikasema imeshika ugonjwa kule darini, kwa moshi. Akasema pole, Shemeji, mi nimekuharibia mpango wako. Akanishukuru kwa maziwa.

Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 8 Juni

Fabien anaona. Kidogo, kama kwa pazia, lakini anaona. Nimepiga magoti nikashukuru, halafu nikarudi kwenye kazi.

Ganda limekwama ndani ya bunduki, limenenepa, halitoki. Nimemimina mawese. Halikutoka. Nimemimina maji ya moto. Yalitoka maji na mawese. Nikachukua mchi wa kutwangia sombe, majani ya muhogo, nikachonga ncha yake iwe nyembamba, nikauingiza mdomoni mwa bunduki. Mchi nao ukakwama.

Hapo ndipo Adolphine akatokeza kichwa juu ya ua. Akauliza, Mama Marie, leo unatwangia sombe ndani ya bunduki? Nikamjibu tunaisafisha hivi kwetu. Akasema alikuwa hajui. Basi ukimaliza kutwanga utie na chumvi.

Mchi umetoka. Ganda bado.

Jumapili, 9 Juni. Pentekoste.

Nicolas, mwana wa Adolphine, amepokea komunyo ya kwanza. Wamechinja nguruwe wao wa nyumbani, yule mweupe aliyekuwa anajikuna kwenye ukuta wangu.

Nilikaa kwenye sherehe nikiangalia mambo yote isipokuwa komunyo. Nguruwe ana mkia. Kapita anataka mikia. Mitatu sina, lakini mmoja unaonyesha bidii.

Nikamwambia Adolphine meno yanamsumbua Félicité, nimesikia mkia wa nguruwe ni mzuri kwa kutafuna. Alinitazama. Akaingia ndani, akarudi na mkia umefungwa kwenye jani la mgomba, na kipande cha mbavu chenye mafuta hivi. Akasema nile, mama wa kunyonyesha hali majani tu kama mbuzi. Akaongeza eti shingo yangu imekuwa ya kuku.

Nilimchukia kidogo. Mbavu nimekula zote, nimesimama nyuma ya jiko, Marie akilamba vidole vyangu.

Jumanne, 11 Juni

Mkia wa nguruwe-pori unaning'inia umenyooka, na nywele nyeusi kwenye ncha. Wa nyumbani unajikunja. Nilijua. Si mjinga. Niliufunga jiwe, nikautundika tangu Jumapili. Nikaupaka masizi, nikagundisha nywele zangu kidogo kwenye ncha kwa utomvu. Asubuhi ulikuwa umenyooka kama fimbo ya mwalimu.

Nikaupeleka. Watu walikuwepo, wanapima pamba. Kapita akauweka kiganjani. Akasema vizuri, Mama Marie, bidii naiona. Na akiwa bado anasema, mkia ukaanza. Polepole. Ukajikunja mara moja, ukajikunja mara ya pili, ukakaa kiganjani kwake kama mtoto aliyepata usingizi.

Adolphine alikuwa kwenye mstari na kapu lake. Akasema bila haraka, Baba Kapita, huyo namjua. Tumemla Pentekoste.

Walicheka mpaka mizani ikayumba. Mzee mmoja alikaa chini. Nami nilicheka, kwa sababu mtu asiyecheka hapo ndiye anaonekana amelia.

Kapita hakucheka. Alifuta masizi kwenye kaptula, akanirudishia mkia kwa mikono miwili, akasema Jumamosi ni Jumamosi.

Alhamisi, 13 Juni

Nimekwenda Fizi na kurudi juu ya magunia, kwenye kamio, lori la pamba. Félicité kifuani. Marie nilimwacha kwa Adolphine. Sikuwa na mtu mwingine.

Bonaventure amekuwa mwepesi. Nilimwinua kubadilisha shuka, nikataka kumrudisha chini haraka, mkono wangu usijue.

Akauliza bunduki. Nikasema iko. Nikasema Fabien amepiga nguruwe. Akauliza mkubwa? Nikasema kama meza. Akauliza tena, kwa maganda yapi? Nikasema yale tisa, niliyalainisha mwenyewe.

Alifurahi! Akajaribu kukaa. Akauliza kama niliyasimamisha majini. Nikasema ndiyo. Akasema, vizuri, Mama Marie, kumbe ulikuwa unaniangalia. Halafu akanieleza yote, kwa vipande, pumzi moja, neno moja. Shingo iwe laini ipate kutanuka bila kupasuka. Kitako kibaki kigumu, hapo ndipo nguvu yote ya moto inapopiga. Kitako ni ukuta kati ya moto na uso wa mtu. Maji yanakilinda kitako kisipate joto. Mtu akikilainisha, ni kama ameitia bunduki mlango wa karatasi.

Akacheka, mjinga gani atapika ganda zima? Kicheko kikageuka kikohozi, nikamshika mpaka kikapita. Nikamwambia hakuna. Hakuna mjinga wa hivyo kwetu.

Hajasema maneno mengi namna hiyo tangu Pasaka. Yote yalikuwa ya maji na shaba. Niliyameza yote.

Kisha akashika kidole changu. Akasema, Florentine, bunduki mupeleke kwa Alphonse. Mi sitapanda mlima tena.

Nikamwambia anyamaze, maneno yanamchosha.

Nje munganga wa hospitali aliniita pembeni. Akasema wamemaliza walichoweza. Jumanne kamio inashuka, nimpeleke nyumbani akae na batoto yake.

Nilirudi ndani nikikimbia! Anatolewa! Nilimwambia wanakuruhusu, unaona? Hospitali haimtoi mtu hajapona. Akasema ndiyo, Mama Marie.

Munganga angeweza kutabasamu kidogo, lakini hao watu wana kazi nyingi.

Jumamosi, 15 Juni

Wamekuja. Kapita mbele, Alphonse nyuma ameshika kofia.

Nilikuwa nimejipanga kusema ufunguo umepotea. Bunduki haina ufunguo. Nikaitoa.

Alphonse akafungua mlango wa bunduki, akaona ganda. Mimi nikawahi kusema kutu. Alichonga kijiti, akakiingiza kwa mbele, akagonga kwa jiwe, mara tatu, nne, taratibu kama mtu anayebisha hodi kwa mgonjwa. Ganda likaanguka, limechanika. Alilitazama. Akaomba nimletee mengine. Nikaleta manane. Akabana kitako cha moja kwa koleo, kikalala kama ndizi iliyoiva.

Kapita alikuwa nje anacheza na Félicité. Alphonse akainama, akaniuliza kwa sauti ya chini, hii ilipikwa na nani?

Nikasema mimi.

Akasema, Mama Marie, hii inaua muntu. Ile jicho ya Fabien ni hii?

Nikasema ndiyo. Ni mara ya kwanza nalisema, na nimelisema kwa Alphonse, kati ya watu wote.

Akayatia yote tisa mfukoni mwake. Kisha akatoka, akamwambia kapita bunduki ilikuwa na kutu, moshi wa darini, si kosa la mtu. Amesema uongo kwa ajili yangu, mlangoni pangu, mchana kweupe.

Nilitaka kumshukuru. Nikamwambia amekanyaga karanga zangu.

Kwenye dari pamebaki mkeka. Nimeukunja, nimeukunjua, nimeukunja. Marie akauliza chakula ya baba iko wapi. Nikamwambia aende akanawe mikono. Nilimwambia kwa ukali. Alinawa mara mbili.

Jumanne, 18 Juni

Yuko nyumbani!

Fabien alimbeba toka kwenye kamio, peke yake, kama anavyobeba nyavu. Jicho limefunguka, nyusi bado. Bonaventure akauliza nani amekunyoa upande mmoja. Fabien akasema ni mtindo wa Kazimia, bantu yote huko iko hivi.

Jioni nilimfuata Fabien kwenye maji, ziwani, nikamwambia ukweli, wa zambarau na wa kitako. Alitoa gamba la samaki kwenye kucha. Akasema nyusi zitaota. Akasema tusimwambie kaka. Kisha akasema, Shemeji, mi pia ningekubali kupikwa, kama ingemusaidia. Akaondoka haraka.

Alphonse amepiga nguruwe jana, wa kweli, mkia umenyooka. Desturi yetu ni kwamba kifua cha mnyama kinakwenda kwa mwenye bunduki, siyo kwa aliyepiga. Adolphine alikileta kwetu. Nikamwambia wamekosea nyumba, bunduki si yetu tena. Akasema yeye ametumwa tu, na mzigo unamwumiza kichwa, nipokee au auangushe. Nilipokea.

Bonaventure alikunywa mchuzi, vijiko vitatu. Kisha akamwita Alphonse. Akampa kopo la baruti, koleo, mrija wa tete. Kwa mkono wake. Nilikuwa nje natwanga. Nilitwanga kwa nguvu sana, nisisikie. Kinuni hamkuwa na kitu.

Jumamosi, 22 Juni

Vijiko viwili jana. Leo kimoja. Lakini leo kuna joto, nani anataka mchuzi wakati wa joto?

Amemshika Félicité mwenyewe, nikiwa nimeweka mto chini ya mkono wake. Alihesabu meno. Manne. Akahesabu tena.

Alipolala nilifunga kitambaa kizuri, nikaenda kwa kapita. Nikamweleza vizuri, bila mchezo wa mkia. Kwamba Bonaventure yuko nyumbani. Kwamba hospitali imemaliza naye. Kwamba Alphonse ni mtu mwema, lakini ni mtu wa kushikilia tu. Amwandike Bonaventure kwa mwezi wa saba. Mikia mitatu, na kama mwezi ni mzuri, minne. Nikasema nimejifunza kazi yote, maji kiunoni, shingo peke yake, kivulini. Yeye atapiga, mimi nitatengeneza. Kapita akauliza, yeye mwenyewe amesema hivyo? Nikasema ndiyo.

Alikaa na daftari limefunguka. Alitazama barabarani. Alimpangusa Félicité mate kwa ncha ya shati lake. Nikamwambia Baba Kapita, andika, nina chungu motoni.

Akaandika. Nililisoma mwenyewe, herufi zote ziko: Bonaventure, mwezi wa saba. Nimewashinda! Nilirudi karibu nacheza.

Majina mengine yote kwenye ukurasa yameandikwa kwa wino. La kwetu ameliandika kwa kalamu ya risasi, tena kwa kugusa tu. Nadhani wino ulikuwa umemwishia.